Kabla Mlie Kuhusu Magari ya 2027, Tuongee Kuhusu 1987

Wasee, nimechoka na kilio chenu. Tangu watu waanze kuelewa sheria mpya za mbio za magari za dunia zinazoanza msimu wa 2027, kila shabiki wa Safari Rally ninayemjua amekuwa mchambuzi wa injini. Eti magari ya daraja la juu yatabaki na nguvu ya farasi kama 300 hivi. Eti hiyo ni ndai ya shosh ya kuendea kanisa. Msee mmoja ameniambia hatarudi Naivasha tena, ataangalia marudio kwa simu akiwa kitandani.

Naelewa uchungu. Magari ya Rally1 yalipokuja 2022 yakiwa na mota ya umeme juu ya injini ya petroli, yalikuwa yanafikisha farasi zaidi ya 500 kwa sekunde chache. Mwaka 2025 ule umeme ukaondolewa, wakabaki na karibu 380. Sasa tunaambiwa 300. Ukizitazama hizo namba zikiwa zimepangwa hivyo, ni kama mtu anakupunguzia ugali kila siku na anakuambia ni kwa faida yako. Na kama umewahi kusimama kule Kedong ukasikia gari kabla ya kuliona, halafu likapita, halafu vumbi likakuacha umefanana na mandazi, unajua kwamba kelele na kasi si mambo madogo. Watu wanaamka saa tisa usiku kwa sababu ya hizo sekunde tatu.

Lakini hiki kilio kina babu yake. Kililiwa hivi hivi mwaka 1986, kwa maneno karibu yale yale, na kilichofuata hapa Kenya hakikuwa kile watu walitarajia. Kwa hivyo tulieni, mnunue smoki na mayai, mnisikize.

Mwaka 1982 shirikisho la mbio za magari, wakati huo likiitwa FISA na makao yake yakiwa Paris, lilianzisha daraja liitwalo Group B. Sheria ilikuwa rahisi sana: kampuni ikitengeneza magari 200 tu ya aina fulani, imeruhusiwa kuja nayo mashindanoni. Mia mbili si kitu kwa kiwanda cha magari. Maana yake ni kwamba wahandisi waliambiwa wachore chochote wanachoota, kisha wauze nakala mia mbili kwa matajiri, basi. Wakachora. Injini nyuma ya dereva, turbo kubwa, magurudumu yote manne yanavuta, mwili wa plastiki na nyuzi nyepesi. Audi Quattro, Peugeot 205 T16, Lancia Delta S4, Ford RS200. Kufikia 1986 kulikuwa na magari ya karibu farasi 500 kwenye barabara za mlimani zenye upana wa kichochoro cha Eastleigh.

Na mashabiki Ulaya walikuwa wamechizi. Tafuta video za Ureno za miaka hiyo. Watu wanasimama katikati ya barabara, gari linakuja, wanafunguka kama pazia dakika ya mwisho. Wengine walikuwa wananyoosha mkono waguse gari likipita. Machi 1986, huko huko Ureno, Ford RS200 ya Joaquim Santos ikatoka barabarani ikaingia kwenye umati. Watu watatu walikufa na zaidi ya 30 wakaumia. Miezi miwili baadaye, tarehe 2 Mei, kwenye kisiwa cha Corsica, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walianguka bondeni na Lancia yao ikawaka moto. Toivonen alikuwa na miaka 29 na ndiye aliyekuwa anaongoza mbio. Tarehe hiyo hiyo mwaka mmoja kabla, kwenye mbio hizo hizo, Attilio Bettega alikuwa amekufa ndani ya Lancia nyingine.

FISA haikusubiri. Rais wake, Jean-Marie Balestre, akatangaza kwamba Group B imekwisha. Kuanzia 1987 daraja la juu litakuwa Group A, na Group A ilikuwa na sharti tofauti kabisa: gari lazima liwe limetengenezwa angalau nakala 5,000. Yaani gari la kawaida, lenye viti vinne na buti, ambalo mtu anaweza kuliona kwenye yadi akalinunua.

Hapo ndipo kilio kikaanza. Kwa shabiki wa Ulaya hii ilikuwa sawa na kuambiwa simba wote wamepelekwa nyumbani na kuanzia sasa mtatazama mbuzi wakikimbia. Na ukiangalia kasi pekee, walikuwa na haki. Magari ya 1987 yalikuwa dhaifu.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa hesabu ilikuwa nyingine kabisa.

Wale simba wa Group B hawakuwahi kushinda Safari kwa magurudumu manne. Hata mara moja. Angalia washindi: 1983 Ari Vatanen na Opel Ascona 400. 1984 Björn Waldegård na Toyota Celica. 1985 Juha Kankkunen na Toyota Celica. 1986 Waldegård tena, Toyota Celica. Magari yote haya yalikuwa yanasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kama Toyota za teksi za zamani. Wakati Ulaya inaimba kuhusu Quattro na T16, Kenya ilikuwa inawapa kombe watu waliokuja na teknolojia ya jana. Lancia ndio walinichekesha zaidi: mwaka 1986 walikuwa na Delta S4, mashine ya kutisha kuliko zote, lakini kwa Safari wakaiacha nyumbani wakaja na 037, gari lao la zamani la magurudumu mawili. Wakamaliza wa tatu nalo. Walijua.

Kwa nini? Kwa sababu Safari ya wakati huo haikuwa kitu unachokiona Naivasha leo. Ilikuwa maelfu ya kilomita kwa siku chache, wakati wa Pasaka, msimu wa mvua unapoanza, kwenye barabara ambazo hazijafungwa. Barabara ziko wazi, jamani. Unakuja na mwendo wa kuua, mbele kuna lori la mkaa, ng'ombe, mama amebeba kuni, na matatu ambayo haijali wewe ni bingwa wa nchi gani. Timu tajiri zilikuwa zinarusha helikopta juu ya gari ili mtu aangalie mbele na kumwambia dereva kwa redio: punda kushoto. Ule mlingoti wa chuma mbele ya magari ya Safari haukuwekwa kwa urembo. Kwenye mashindano ya aina hiyo, farasi 500 ni njia ya haraka tu ya kuvunja springi. Toyota walielewa kwamba Kenya haikuwa inauliza nani ana kasi. Ilikuwa inauliza nani atafika.

Haya, ikaja Pasaka ya 1987, Safari ya kwanza chini ya sheria mpya. Na nani akashinda? Hannu Mikkola, Mfini wa miaka 44, ndani ya Audi 200. Tafuta picha yake leo, utadhani ni gari la mkurugenzi wa benki limepotea njia likitoka Karen. Sedani ndefu, nzito, ya wazee. Walter Röhrl akamaliza wa pili na Audi 200 nyingine. Huyu Mikkola alikuwa ameshinda Safari mwaka 1972 na Ford Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuwashinda wenyeji, kwa hivyo miaka kumi na tano baadaye hakuwa mgeni wa matope yetu.

Lakini jambo lenyewe ni hili: ile Audi ya wazee ndiyo gari la kwanza la magurudumu manne kushinda Safari Rally. Miaka yote ya simba, hakuna. Mwaka wa kwanza wa mbuzi, ikawezekana. Sharti la magari 5,000 lilikuwa limelazimisha watengenezaji kuleta gari ambalo lilijengwa kwanza liishi muda mrefu, kisha ndipo likafundishwa kukimbia. Na hapo Safari ikawa imempata mchumba. Mwaka uliofuata Miki Biasion akashinda na Lancia Delta Integrale, akarudia 1989, na tangu hapo Safari ya ubingwa wa dunia haijashindwa tena na gari la magurudumu mawili.

Hiyo ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili iko hapa mtaani kwenu na pengine inakunyima usingizi.

Nina binamu anayeishi Roysambu, jina simtaji kwa sababu anadaiwa. Ana Subaru. Kila Ijumaa saa tano usiku anaiamsha na ile sauti ya buruburu-bu-bu mpaka majirani wanafungua dirisha. Ukimuuliza kwa nini alinunua Subaru na si gari la kawaida la mtu mwenye akili, atakuambia ni mapenzi. Mimi namwambia ni Balestre.

Fikiria. Sheria imesema ukitaka kushindana lazima utengeneze magari 5,000 yanayofanana na lile la mashindano. Baadaye wakapunguza hadi 2,500, lakini wazo ni lile lile. Kwa hivyo kampuni ikitaka ubingwa inalazimika kuuza turbo na magurudumu manne kwa raia: mwalimu, daktari, kijana aliyeajiriwa juzi. Lancia wakafanya hivyo, Toyota wakafanya na Celica GT-Four, Ford na Escort Cosworth. Mwaka 1992, Mitsubishi wakatoa Lancer Evolution na Subaru wakatoa Impreza WRX, miezi imefuatana. Bila lile sharti, haya magari mawili pengine yangebaki ndoto kwenye karatasi ya mhandisi. Halafu teknolojia yake ikasambaa kwa Forester, kwa ndugu wengine wa familia. Japani ikajaa turbo. Na Kenya, kwa sababu sheria yetu inaruhusu kuingiza magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, ikawa inazisubiri pale bandarini Mombasa zikishuka kutoka melini.

Hivyo ndivyo sheria iliyoandikwa Paris kwa sababu ya vifo vya Ureno na Corsica ilifika Thika Road. Mbogi yote ya Subaru, wale wa kukutana kwenye vituo vya mafuta usiku, wale wa vibandiko vya nyota sita, ni watoto wa sheria ambayo mashabiki wa 1986 waliiita kifo cha mbio za magari.

Na kuna mtu mmoja ambaye nataka mumjue kabla hatujaendelea. Mwaka 1990 Subaru walikuja Safari na Legacy RS, gari jipya kabisa ambalo hakuna aliyejua kama litatoboa. Moja ya hizo Legacy ilikuwa ya Group N. Group N ni daraja la magari ambayo hayajaguswa sana, karibu vile yanavyotoka kiwandani, unaongeza tu vyuma vya kumlinda dereva na vitu vichache. Mpaka mwaka huo hakuna gari la Group N lililokuwa limewahi kumaliza Safari. Hakuna. Yalikuwa yanakufa yote njiani. Ile Legacy iliendeshwa na Patrick Njiru. Alimaliza, na si kumaliza tu, alikuwa wa nane kwa jumla. Mkenya, na gari ambalo unaweza kulinunua, mbele ya wazungu wengi waliokuja na lori za spea. Miaka minne baadaye, 1994, Njiru akamaliza wa nne na Impreza, na Mkenya mwingine, Ian Duncan, akachukua kombe lenyewe na Toyota Celica.

Hiyo 1994 ndiyo mara ya mwisho Mkenya kushinda Safari ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Mimi pia.

Sasa unaona ninakoelekea. Tukibishana kuhusu sheria huwa tunauliza swali moja tu, gari litakuwa na kasi gani. Mimi nikiisoma historia ya Safari naona swali lingine limekaa pale nyuma halisemwi: nani anaweza kulipata hilo gari? Joginder Singh, Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika na mtu mwingine. Mtumba, ndugu zangu. Mwaka 1974 akashinda na Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6, nyuma yake akiwa Waldegård na Porsche 911. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, kwenye Datsun ambazo ndugu zake zilikuwa zinabeba watu kila siku mjini. Walikuwa na vipaji, hilo halina mjadala. Lakini pia walikuwa wanaishi katika zama ambapo gari la kushinda na gari la kununua lilikuwa karibu kitu kimoja, na fundi wa hapa Nairobi angeweza kulifungua akajua kila nati inakaa wapi.

Huo uzi ulianza kukatwa mwaka 1997, na cha kushangaza ni kwamba hakuna aliyelia. Mwaka huo FIA ilianzisha sheria ya World Rally Car. Kampuni haikulazimika tena kuuza kwa umma gari lenye turbo na magurudumu manne. Unachukua gari dogo la kawaida la familia, kisha wahandisi wako wanajenga juu yake kitu kingine kabisa, cha mashindano tu. Nia ilikuwa nzuri, kwa sababu kampuni nyingi hazikuwa na uwezo wa kutengeneza maelfu ya magari ya turbo ili tu zishindane. Na ilifanya kazi: wakaja Peugeot, Citroën, Škoda, Hyundai. Colin McRae akashinda Safari ya 1997 na ile Impreza ya bluu na njano iliyobandikwa kwenye kuta za gereji nusu ya nchi hii. Mashabiki walifurahi sana. Kasi ilirudi, kelele ilirudi.

Lakini gari likawa limepanda ngazi na kuondoa ngazi nyuma yake. Kila mwaka likazidi kuwa ghali, likazidi kuwa mbali na kitu chochote unachoweza kukiona kwenye yadi ya Ngong Road. Safari yenyewe iliondoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, kwa sababu za pesa na uendeshaji ambazo hazikuhusu injini hata kidogo, na tukakaa nje miaka kumi na tisa. Tuliporudi Juni 2021 pale Naivasha, tulikuta meza imeshapangwa bila viti vyetu.

Tangu turudi, tumeona nini? 2022, Kalle Rovanperä na Toyota, na nafasi nne za kwanza zote Toyota. 2023, Sébastien Ogier na Toyota, na nafasi nne za kwanza zote Toyota tena. Wakenya wapo, na ni wazuri. Karan Patel amekuwa bingwa wa Afrika 2022 na 2023. McRae Kimathi, ambaye jina lake linakuambia nyumbani kwao walikuwa wanapenda nani, alienda Sweden mwaka 2022 akaendesha kwenye theluji katika mbio za dunia. Lakini wanashindana katika Rally2 na Rally3, madaraja ya chini. Unapomshangilia Mkenya pale Hell's Gate, moyoni unajua anakimbia mbio yake tofauti ndani ya mbio kubwa. Tunapiga vuvuzela kwa nguvu, lakini hatuulizi "ni wa ngapi?" Tunauliza "amefika?" Kwangu hiyo inaumiza kuliko farasi 300.

Ndiyo maana hizi sheria za 2027 nazisoma kwa jicho lingine. Farasi 300 ndiyo sehemu inayopiga kelele. Sehemu iliyonyamaza ni hii: bei ya gari la daraja la juu imewekewa kikomo, euro 345,000. Vifaa vingi vitatokana na Rally2, yaani vitu ambavyo timu binafsi tayari zinavinunua na kuvitumia, ikiwemo hapa Kenya. Urembo wa upepo umebanwa. Na si lazima uwe kampuni kubwa ya magari. Hata karakana huru inaweza kubuni gari lake, ikaomba kibali na kushindana. Rally2 zenyewe zitakuwa karibu sana nao kwa mwendo. Lile pengo kati ya mgeni wa daraja la juu na Mkenya wa daraja la pili, ambalo sasa ni bonde la ufa kabisa, linaweza kuwa mtaro.

Najua mtakachosema. Euro 345,000 ni zaidi ya shilingi milioni 50, hiyo si pesa ya kuchangishana kwa simu. Kweli. Na hiyo ni gari peke yake. Bado tairi, spea, mafundi, siku za mazoezi. Pia hata likigawiwa bure, Safari ya leo ni kilomita 350 hivi za mashindano kwenye barabara zilizofungwa, ambazo timu zote zimezipitia na kuziandika. Ule ujuzi wa Joginder na Mehta, wa kujua mto gani unafurika saa ngapi na nani wa kumuuliza kijijini, haununui tena dakika nyingi kama zamani. Mtu akiniambia 2027 Mkenya atashinda, nitamwambia apunguze anachovuta.

Ila tofauti kati ya jambo gumu na jambo lisilowezekana ni kubwa, na kwa karibu miaka thelathini tumekuwa upande wa pili. Mwaka 1987 sheria ya kupunguza makali iliwapa Audi ya wazee nafasi, kisha ikawapa Njiru gari, kisha ikawapa nusu ya Nairobi hobi. Wale waliolia 1986 hawakuweza kuona hayo kwa sababu walikuwa wanahesabu farasi.

Kwa hivyo Januari, mbio za Monte Carlo zikianza msimu kama kawaida, mimi sitaangalia kwanza saa wala video za magari yakiruka. Nitafungua orodha ya washiriki. Nataka kuona majina mangapi hayana kiwanda kikubwa nyuma yake. Kama ni mawili matatu, basi mlango umefunguka kidogo. Kama ni Toyota na marafiki zake wale wale, sawa, nitakuja huku tulie pamoja.

Na ombi moja kwa wadhamini wetu wa hapa nyumbani, nyinyi mnaojaza Naivasha na mahema ya wageni maalum, ma-DJ wa siku tatu na vinywaji vya rangi, ambapo nusu ya waalikwa wanarudi Nairobi bila kuona gari hata moja. Milioni 50. Mara ya mwisho nilipokuwa Vasha nilianza kuyahesabu yale mahema kutoka getini, nikafika 40 nikaacha kwa sababu ya jua.